Wacom Intuos ndogo na Krita: miaka mitatu ya kuchora huku naangalia pengine

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mmekuja kuchungulia tu afu msepe: Wacom Intuos, kile kibao cha kuchorea kwa kalamu kinachochomekwa kwenye laptopu, nunua, uchore kwenye Krita, programu ya kuchorea ya kompyuta. Hata kama ni mtumba, nunua. Ila kama hujawahi kumaliza hata picha moja kwenye simu yako basi hela iache kwanza mfukoni, sababu nitaisema, na nitaisema kirefu maana hiki kidude nimeishi nacho miaka mitatu na kitu sasa.

Mi sijasomea sanaa popote. Nilikuwa nimeajiriwa steshenari huku Tabata, kazi yangu kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi na kutengeneza kadi za michango ya harusi, zile zenye maua ya dhahabu pembeni na njiwa wawili wameelekezana midomo, yaani maharusi wote wa mtaa wetu mwaka ule wamepita na njiwa wale wale. Siku moja mama mmoja akaja anataka kadi yenye picha ya kuchora ya binti yake na mkwe, sio ya kamera, ya kuchora, akanionyesha mfano kwenye simu yake nikamwambia tunafanya mama. Hatukuwa tunafanya. Nikaenda nyumbani nikashusha ibisPaint X kwenye simu nikachora usiku kucha kwa kidole, mkwe akatoka na taya kama la ng'ombe, lakini mama wa watu alifurahi, akalipa elfu kumi na tano, na hapo ndo nikajua kumbe kuna watu wanalipia hiki kitu.

Kwa hiyo kabla ya kibao chenyewe acha niiseme vizuri ibisPaint maana watu wanaidharau sababu ni ya simu. Ni programu ya Wajapani, iko tangu 2011, ya bure inakuja na matangazo na kuna brashi hazifunguki mpaka uangalie tangazo kwanza, sawa, lakini ndani ina leya, yaani tabaka za picha zinazolala moja juu ya nyingine, ina kiimarishaji cha mstari kinachonyoosha mkono unaotetemeka, na inarekodi yenyewe kila unachochora halafu inakupa video fupi mwishoni. Ile video ndo ilikuwa mwalimu wangu. Nilikuwa naiangalia naona kabisa pale nilipopotea, mfano nimetumia dakika arobaini kwenye kope za jicho la kushoto kabla hata sijajua kichwa kimekaa wapi, na kweli kichwa kilikuwa kimepinda. Mwaka mzima nimechora hivyo. Kidole tu, baadaye kalamu ya buku tano ya kwenye mataa ya Ubungo, ile yenye kisahani cha plastiki, ambayo haina tofauti na kidole ila angalau unaona unapogusa.

Sasa kwa nini nikahama. Kwa sababu kidole hakina uzito. Yaani ukichora kwa penseli kwenye daftari, ukikandamiza mstari unanenepa na kuwa mweusi, ukilegeza unakonda mpaka unapotea, na mtu akisema mchoro huu una uhai mara nyingi anachokiona ni hicho bila kujua. Kidole kwenye simu ya kawaida kinatoa mstari mmoja tu mnene mwanzo mpaka mwisho kama bomba la maji. Unaweza kuudanganya, programu inakuchongea ncha za mstari, lakini ni uongo na jicho linajua.

Nikaanza kutafuta kibao. Duka la kwanza Kariakoo (jina naliacha) muuzaji akanitolea kile kibao cheusi cha watoto, kile unachoandika maandishi yanatoka ya kijani afu kuna batani ya kufuta yote, akaniapia kabisa dada hii ndo grafiksi tableti, hata mainjinia wanachukua. Namshukuru Mungu niliuliza waya wa kuchomeka kwenye laptopu uko wapi. Haukuwepo. Hicho kitu hakiunganishwi na chochote jamani, ni ubao wa kuandikia orodha ya vitunguu, usiuziwe. Baadaye nikapata Wacom Intuos mtumba kwa kaka mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma, laki moja na ishirini, boksi hana, waya anao, kalamu anayo. Nilienda na laptopu yangu mgongoni nikachomeka pale pale kwenye kibaraza chake nikachora duara na jina langu, ndo nikatoa hela. Na wewe fanya hivyo hivyo. Muuzaji akisema hakuna haja ya kujaribu, ondoka.

Ninayo ni ile ndogo, nyuma imeandikwa CTL-4100, ilitoka 2018. Sehemu ya kuchorea yenyewe ni milimita 152 kwa 95, ndogo kuliko nusu ya karatasi ya A4, na watu wengi wakiiona wanasema mbona kadogo. Kadogo kweli. Uzito gramu 230, naitumbukiza kwenye mkoba pamoja na chakula cha mchana na sijawahi kujuta, ila kama unachora kwa bega zima, yaani mikono mirefu mirefu kama wachoraji wa mabango ya ukutani, utabanwa. Mi nachora kwa kiwiko na kifundo, inanitosha, na meza yangu yenyewe ni meza ya cherehani ya mama kwa hiyo kubwa zaidi ingekaa wapi.

Wiki mbili za kwanza nilitaka kuirudisha Dodoma kwa basi. Hii lazima niiseme kwa sababu hakuna aliyeniambia. Kibao hakina skrini, mkono uko mezani, picha iko kule mbele kwenye laptopu, unachora huku unaangalia pengine. Nilikuwa najaribu kuunganisha mstari mmoja na mwingine naukosa sentimita nzima, jicho la mtu linakwenda shavuni, afu mkono wenyewe unataka kuangaliwa, unainamisha kichwa uone kalamu iko wapi, ukiinua kichwa mshale umeshahama. Nililia kidogo, sitadanganya. Siku ya nane hivi nikaacha kuchora picha kabisa nikawa napiga nukta mbili na kuziunganisha kwa mstari mmoja, nukta mbili mstari, nukta mbili mstari, ukurasa mzima, nusu saa, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mdogo wangu akaniuliza dada unachora senyenge? Siku ya kumi na tano sikumbuki kilichotokea, najua tu nilishtuka nimechora saa nzima bila kuangalia mkono hata mara moja. Ni kama kuendesha baiskeli, au kuandika meseji bila kuangalia batani kama tulivyokuwa tunafanya sekondari simu iko chini ya dawati. Na ikishaingia kuna zawadi nyingine, mkono haukuzibi unachochora, na shingo haiinami. Wenzangu wanaochorea kwenye iPad ndo wanaolalamika shingo, mi nalalamika kiuno tu na hicho ni kiti.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha siku ya kwanza ambayo yangenipunguzia machozi. La kwanza, vipimo. Hizo 152 kwa 95 ukigawanya unapata 1.6, wakati skrini ya laptopu nyingi, kama yangu ya 1366 kwa 768, ni kama 1.78. Maana yake kibao kikitandazwa kwenye skrini nzima, duara unalochora mkononi linatoka limevutwa kwa upana, kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi. Kidogo lakini nyuso zote zinanenepa na wewe unadhani hujui kuchora. Ingia kwenye mipangilio ya draiva ya Wacom, ile programu inayoifanya laptopu ikielewe kibao, kuna sehemu ya kulazimisha uwiano, weka tiki, utapoteza kipande chembamba cha chini cha kibao lakini duara litakuwa duara. Miezi miwili nimenenepesha watu wa Tabata bila sababu.

La pili ni Windows yenyewe, ile tabia ya kalamu ukiishikilia sehemu moja kinatokea kiduara inadhani unataka kubofya kulia, na mstari wako unachelewa kuanza. Hiyo inazimwa kwenye mipangilio ya kalamu ya Windows. Afu ndani ya Krita kwenye mipangilio ya tableti kuna kuchagua njia mbili za kusoma kalamu, Wintab au Windows Ink, kama kalamu haisomi uzito wa mkono jaribu kubadilisha kutoka hii kwenda hii, funga programu ufungue tena, mara nyingi tatizo ni hilo tu na wala sio kibao kibovu. Wanaotumia Linux hao wanachomeka tu kinafanya kazi, wanapenda kutukumbusha.

Kalamu yenyewe ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Haina betri. Haichajiwi. Inachota nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe kwa sumaku ya umeme, ukiiweka juu kidogo tu bila kugusa tayari mshale unakufuata. Kwa sisi ambao umeme ni wa leo upo kesho haupo, kifaa kimoja pungufu cha kuchaji ni neema. Inasoma ngazi 4096 za uzito wa mkono, namba ambayo wauzaji wanaiimba sana, sasa hivi kuna vibao vinatangaza 8192 na zaidi, kiukweli mkono wangu hauwezi kutofautisha hata mia mbili kwa hiyo usinunue kibao kwa namba hiyo. Kalamu ina batani mbili ubavuni, nyuma haina kifutio, na ndani ukiifungua kuna ncha za akiba zimelala kama mbegu za papai, tatu. Kwenye kibao juu kuna batani nne na hapo hapo pamechimbwa kidogo pa kulaza kalamu, ambayo maana yake ukilaza kalamu batani umezifunika, ila kwa kuwa ukichora kalamu unayo mkononi basi yaishe. Zangu nimeziwekea kurudisha nyuma, kuvuta karibu, kugeuza picha kama kwenye kioo, na kusevu.

Ncha zinakwisha, hilo ujue. Uso wa kibao una ukwaruzo kidogo makusudi ili uhisi kama karatasi na huo ukwaruzo unailamba ncha taratibu, ikishakuwa na ubapa kama patasi badilisha kabla haijaanza kukwaruza kibao. Nina mkono mzito. Mwenye mkono mwepesi atakaa nazo sana. Nimegundua nikitandika karatasi nyembamba ya plastiki, ile ya kufunikia ripoti za wanafunzi tunayouza steshenari, ncha inadumu na kibao kinabaki kizuri, utelezi unaongezeka lakini unazoea. Waya ni ile USB ndogo ya zamani ya simu za kizamani, sio aina ya C, na wangu nilishaukunja vibaya mwenyewe kwa kukunjia laptopu juu yake, nikanunua mwingine buku tatu maisha yakaendelea.

Haya, Krita. Ni ya bure, kabisa, chanzo chake kiko wazi, haina toleo la kulipia lenye vitu vilivyofichwa. Ukiikuta inauzwa kwenye duka la Microsoft au Steam ile hela ni ya kuwachangia wanaoitengeneza, kwenye tovuti yao unaishusha bila senti. Jina ni Kiswidi, maana yake chaki. Nilitoka kwenye programu ya picha iliyochakachuliwa ambayo kila mtu mtaani anayo, ile ukiiwasha inakuomba uzime intaneti na antivairasi kwanza, afu siku moja inagoma na kazi ya mtu iko ndani, nikasema basi. Na mi nachora, sirekebishi picha za pasipoti, kwa hiyo nilihitaji kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mchoraji.

Brashi zinakuja zaidi ya mia na utachanganyikiwa. Mi natumia nne. Moja ya penseli, moja ya wino, moja ngumu ya kujazia rangi, moja ya kuchanganya kama rangi mbichi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashusha mafurushi ya brashi za watu usiku wa bando la bei rahisi, nina brashi za mawingu, brashi za nywele, brashi za matofali, na sikuwa nachora, nilikuwa nakusanya. Nikazifuta zote. Unabofya batani ya kalamu linatokea duara la rangi na brashi zako hapo hapo mkono ulipo, unachagua unaendelea, sihangaiki kwenda pembeni. Herufi M inageuza picha kama kioo bila kuibadilisha faili, hii naibonyeza kila dakika mbili tatu na kila mara inanitukana, jicho moja juu, jingine chini. Kitufe cha Tab kinaficha madirisha yote ubaki na karatasi tu, kwenye skrini ndogo kama yangu ni ukombozi. Na tangu toleo la 5.0 la mwishoni mwa 2021 nayo inarekodi unavyochora, kwa hiyo mwalimu wangu wa zamani nimehama naye.

Kinachoisumbua ni laptopu yangu sio yenyewe. Nina mtumba wa Dubai, RAM ilikuwa GB 4 nikaongeza ikawa 8, na tofauti ni usiku na mchana. Hesabu ni rahisi: A4 ya kuchapishwa kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kila inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508, ni kama milioni 8.7, kila pikseli baiti nne, leya moja iliyojaa inakula kama MB 35. Ukiwa na leya ishirini tayari ni kama MB 700 na bado hujahesabu Windows, kivinjari na muziki. Kuna jamaa aliniuliza mbona Krita inamgandia, kumbe amefungua karatasi ya A1 yenye leya sitini, na ameweka rangi za biti 16 ambazo zinazidisha mara mbili. Mi nachora mistari leya moja, rangi moja, kivuli moja, mwanga moja, nyuma moja. Nikimaliza sehemu naziunganisha. Na nasevu kwa namba, harusi_01, harusi_02, sio kusevu juu ya ile ile, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusevu na betri ya mtumba wa Dubai ni ya dakika kumi na moja, unajua mwenyewe. Krita inajisevia kando kila baada ya muda, imeshaniokoa, lakini usiitegemee kama mke wa pili. Jioni nanakili kwenye fleshi.

Maandishi sichapi Krita. Nachora Krita, natoa picha, naingia Inkscape, programu nyingine ya usanifu ambayo nayo ni ya bure, naandika majina ya maharusi na tarehe huko, maandishi yanakuwa makali hata ukiyakuza bango zima. Mteja akibadilisha ukumbi siku mbili kabla ya harusi, na atabadilisha, narekebisha neno moja tu.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kuliko kibao, kuliko programu, kuliko yote, ni rangi ya ngozi yetu. Nilikuwa najifunza kwa video za watu wa nje, ngozi wanaanza na pichi, kivuli waridi, basi mi nikichora mtu mweusi nachukua kahawia moja, kivuli naongeza nyeusi, mwanga naongeza nyeupe. Anatoka mtu wa majivu, mgonjwa, kama amekaa jikoni karibu na mkaa. Siku moja nimekaa kwenye daladala ya Gongo la Mboto dirishani nikamwangalia konda jua la saa tatu limempiga shavuni, pale penye mwanga hapakuwa peupe wala kahawia nyepesi, palikuwa na ubuluu kabisa, ni anga, ngozi yetu inang'aa inarudisha anga. Na chini ya kidevu kwenye kivuli palikuwa na wekundu wa tofali. Nikarudi nikaacha nyeusi kabisa. Kivuli sasa nakipeleka kwenye zambarau au wekundu mzito, mwanga wa nje naupeleka ubuluu, wa taa ya ndani naupeleka manjano, na nyama za sikio nazipa uwekundu kama zinapitisha jua. Wateja hawajui nilichobadilisha, wanasema tu siku hizi unatuchora tumependeza.

Na jambo jingine la Krita ambalo nadhani hata wenyewe hawajui wametutengenezea sisi: bonyeza W, karatasi inajirudia pande zote bila mwisho, ukichora ua likatoka ukingo wa kulia linaingia kushoto, juu linaingia chini. Hiyo ni pindo ya khanga jamani! Dada mmoja wa kikundi cha kina mama aliniomba niwabunie sare, nikachora korosho na majani yake kwenye kipande kimoja cha mraba, kikajirudia chenyewe bila mshono kuonekana, nikakizungusha pembeni ikawa pindo, mji nikaweka kibuyu katikati, jina nikaandika Inkscape. Zamani kazi hiyo ningenakili na kubandika na kusogeza mpaka macho yatoke. Jina lenyewe sitalitaja, wale kina mama walikuwa wanamsema mtu.

Kuchapisha sasa, hapa ndo machozi ya pili. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga na mashine inachapa kwa wino, ule ubuluu mkali na kijani cha kung'aa ulichokipenda kwenye laptopu havipo kwenye wino, vinafika karatasini vimezimika. Kadi mia mbili za kwanza nilizochora mwenyewe zilitoka kama zimechovywa chai. Sasa hivi nachapa moja kwanza, naiangalia nje juani, narekebisha, ndo natoa oda. Krita inaweza kufanya kazi kwa CMYK, rangi za wino, lakini hata ukiwa RGB, rangi za skrini, zoea tu kuchapa moja ya majaribio, bei yake ni buku, hasara ya mia mbili sio buku.

Nachora lini? Umeme ukiwepo, hilo la kwanza. Ila mchoro wa awali, ule wa kutafuta nani akae wapi, nafanya kwenye kauntabuku kwa penseli, popote, benki kwenye foleni, kituoni, napiga picha kwa simu naingiza Krita naififisha nachora juu yake. Kwa hiyo umeme ukirudi sianzi na karatasi nyeupe, naanza na kazi. Saa moja unusu nasimama, natembea mpaka kwa muuza mihogo narudi. Mkono ukianza kuuma nasimama siku nzima, nina rafiki alilazimisha, sasa hata kufungua chupa anaomba msaada.

Kuna wanaoniandikia dada nikinunua hiki nitaweza kuchora? Mzee Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru, hakufundishwa na mtu, mwaka 1968 hapa Dar akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za dari, akafa 1972, miaka minne tu hiyo, na leo jina lake ndo jina la uchoraji wenyewe. Rangi za baiskeli. Ndo maana nikasema mwanzo maliza kwanza picha kwenye simu yako, hata tano mbaya. Ukiziona mbaya na ukajua ubaya uko wapi, na ukiona kabisa hapa kidole ndo kimenikwamisha, nenda kanunue.

Wa kutonunua ni nani? Mwenye kutaka kuchora amelala kitandani au safarini bila laptopu, huyo bora ajikusanye apate kifaa chenye skrini yake, ingawa hii inakubali kuchomekwa kwenye baadhi ya simu za Android kwa OTG, kile kiunganishi cha kuchomeka vifaa kwenye simu, nimejaribu, inafanya kazi, lakini ni kama kula wali kwa kijiko cha chai. Mwenye hela ya iPad na programu yake ya kuchora, Procreate, pia anunue tu kwa raha zake, nimeshaazimwa nikachora, ni tamu, lakini ile bei kwa kadi za elfu kumi na tano ningelipa mpaka uzee. Na kama bajeti yako haifiki hapa kuna ndugu yake mdogo, One by Wacom, hana batani juu na anasoma ngazi 2048, anatosha kabisa kwa kuanzia.

Siku hizi silipwi elfu kumi na tano. Nusu inatangulia kabla sijawasha laptopu, marekebisho mawili bure, la tatu unalipia, na hilo naliandika kwenye meseji ya kwanza kabisa baada ya bwana harusi mmoja kuchukua picha yake ya majaribio yenye jina langu katikati akaichapa hivyo hivyo na jina langu kifuani kwake. Ndugu ndo wagumu. Shangazi akisema nichoree tu kidogo mwanangu, namwambia sawa shangazi, foleni inaanza mwezi wa nane, nayeye anajua na mi najua.

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya ule waya na kwa kuwa kalamu haina kifutio nyuma. Ncha niliyonayo sasa ndo ya mwisho iliyokuwa ndani ya kalamu, imeshaanza ubapa, nimemwagiza binamu yangu aliyeko Muscat aniletee pakiti akirudi mwezi ujao na nimemtumia picha na namba ya kalamu mara tatu ili asije akaniletea za kibao kingine, akifika nazo nitarudi hapa niseme kama ni zenyewe.